Jina la mtu ninayemjua limegoma kutoka: ni umri, au nianze kuogopa?

Mleta uzi
Wakuu, naomba ushauri. Jumamosi msibani nilikutana na mwalimu wangu wa darasa la tano. Sura naijua, sauti naijua, hata baiskeli yake nyeusi nikaikumbuka. Jina, hola! Nilijua tu linaanza na S. Yeye akaniita kwa jina langu, mimi nikaishia "Shikamoo mwalimu". Usiku naosha vyombo, likaja lenyewe. Nina miaka 52, na mama yangu alifariki akiwa hatutambui tena sisi wanawe. Hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Wewe umesahau jina, hukumsahau mtu. Mama aliwasahau ninyi wenyewe, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ukisikia "muuza samaki" unaona beseni, unasikia harufu. Jina la mtu halina picha ya kushikia, ndiyo maana majina hukwama kuliko maneno mengine, na umri ukisogea hukwama zaidi.

Kijana wa Maabara
Hiyo S hukuibahatisha, dada. Mwaka 1966 wanasaikolojia Roger Brown na David McNeill waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu ili wataje neno lenyewe. Waliokwama, mara nyingi waliweza kutaja herufi ya kwanza, hata idadi ya silabi. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakapima ubongo kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Mtu anapokwama, sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, pamoja na sehemu ya ndani inayogundua mgongano wa mawazo, zinachemka kuliko anapojua jibu au asipojua kabisa. Yaani ubongo wako ulikuwa kazini.

Mleta uzi
Sasa mbona nikilazimisha linazidi kukimbia?

Binti wa Pwani
Mara nyingi linakuja jina jingine linalofanana nalo, unang'ang'ania hilo hilo. Liache, fanya kazi nyingine, au muulize aliye karibu. Halafu sisi tunaitana Mwalimu, Mama Fulani, Baba Fulani. Jina hulitamki miaka 40, njia yake si itaota majani? Likija, litamke kwa sauti.

Nesi Mstaafu
Ukianza kupotea njia unayopita kila siku, au kurudia swali lile lile bila kujua, nenda ukamwone daktari. Na kama hofu ya mama inakunyima usingizi, usisubiri dalili, nenda tu.

Mleta uzi
Ahsanteni sana. Nimepata namba ya mwalimu kwa binti yake. Kesho nampigia.