Naomba ushauri: mfumo wa halmashauri wa kufuatilia mabadiliko ya umiliki wa ardhi uanzie wapi?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za kazi. Nipo katika timu iliyopewa jukumu la kuandaa mapendekezo ya mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya umiliki wa ardhi katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Mwanza, ambayo ina mitaa ya mjini pamoja na vijiji vya wakulima na wavuvi vilivyo kandokando ya Ziwa. Ardhi huku inauzwa, inarithiwa, inagawanywa na kuwekwa rehani kila wiki, lakini jalada la masijala linabaki na jina la mmiliki wa kwanza, na ankara ya kodi ya pango la ardhi inaendelea kutoka kwa jina la mtu aliyekwisha kuuza au kufariki.

Mabadiliko yenyewe yameandikwa, ila yameandikwa mtaani. Katika daftari la mtendaji mmoja nilikuta mauziano yenye majina ya muuzaji na mnunuzi, mashahidi wa pande zote mbili, saini, dole gumba na muhuri, lakini mipaka ikaelezwa kwamba kaskazini ni mwembe, mashariki jiwe kubwa, magharibi njia ya ng'ombe. Namba ya kiwanja haikuwapo. Kwa mji wa mawe kama wetu, jiwe kubwa halitambulishi kiwanja chochote.

Wenzangu wanataka tuanze kwa kuingiza majalada yote ya zamani kwenye kompyuta. Mimi naona tuanze na mabadiliko mapya yanapotokea. Naomba mnisaidie kupima.

Afisa Ardhi Mstaafu

Ndugu mleta mada, kabla ya kompyuta tazameni sheria, kwa sababu hapo ndipo mifumo ya aina hii hujikwaa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 zilizoanza kutumika mwezi Mei 2001, zinatamka kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Haki ya kumiliki ardhi iliyosajiliwa kwa hati huhamishwa kwa kusajiliwa na Msajili wa Hati, kwa hiyo mfumo wa halmashauri hauwezi kumpa mtu umiliki hata ukiwa mzuri kiasi gani. Kazi yake ni kupokea taarifa ya tukio mapema na kuisindikiza hadi ofisi ya ardhi ya mkoa.

Ndiyo maana ningependa kila tukio liwe na hali yake: limeripotiwa, limehakikiwa, au limesajiliwa. Na karatasi yoyote itakayochapishwa humo iandikwe kwa herufi kubwa kwamba si hati, la sivyo madalali watazunguka nayo Buswelu na Kisesa wakiuzia watu viwanja.

Mpimaji wa Igoma

Mleta mada, nakubaliana na wewe kuanza na mabadiliko mapya. Ukianza na majalada ya zamani utatumia bajeti yote kusafisha kumbukumbu ambazo zinaendelea kuchakaa huku ukizisafisha. Jalada la zamani lifunguliwe siku kiwanja chake kinapoguswa na tukio.

Jambo ninalolisisitiza ni kwamba kipande cha ardhi kiwe na namba yake isiyobadilika, na mmiliki awe maelezo yanayofungamanishwa na namba hiyo kwa tarehe. Msifute jina la mtu kamwe. Lifungwe kwa tarehe, kisha jina jipya lifuate. Kiwanja kikigawanywa, namba mama ifungwe na namba mpya zioneshe zimetoka wapi. Msipofanya hivyo, mtu atauza nusu ya kiwanja leo, halafu mwakani atauza kiwanja kizima kwa kutumia barua ileile.

Kwa maeneo yasiyopimwa, mtendaji achukue viwianishi (namba za ramani zinazoonesha mahali) kwa simu. Simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo haiwezi kuamua mpaka, lakini inatosha kutofautisha shamba hili na la jirani. Kando ya Ziwa ongezeni tahadhari ya mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na msitumie ukingo wa maji kama mpaka, kwani sote tuliona maji yalivyopanda mwaka 2020 na tena 2024.

Binti wa Ukerewe

Mmejadili sana mauziano, nami naomba tutazame mirathi. Huku kwetu kisiwani watu ni wengi na mashamba ni madogo, na mabadiliko mengi hutokea kwa kifo. Baba anafariki, ndugu wanagawana kwa maneno, na hakuna anayekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Baada ya miaka kadhaa kaka mmoja anauza, na mjane anashangaa kuona mtu anasimika nguzo shambani kwake.

Mfumo upokee taarifa ya kifo kama tukio kamili, na tangu siku hiyo kipande kile kiwekewe alama kwamba kisiuzwe mpaka msimamizi atambuliwe. Fomu ya mauziano nayo iulize kuhusu mwenza, na ridhaa yake iandikwe kwa jina lake mwenyewe akiwa mbele ya mtendaji, si kwa kauli ya mume kwamba "mama amekubali."

Kwa vijiji, sheria tayari inataka pawe na masijala ya ardhi ya kijiji chini ya mtendaji. Iimarisheni hiyo badala ya kuunda nyingine. Mtandao unapokosekana, pawe na daftari lililochapishwa lenye nakala tatu: ya mwananchi, ya kijiji na ya halmashauri.

Mleta mada

Nashukuru sana, wazee kwa vijana. Suala la kifo hatukuwa nalo kabisa kwenye rasimu, na litaingia. Limebaki moja: viongozi wanapendekeza kila taarifa ilipiwe ada ili mfumo ujiendeshe. Mnaonaje?

Mhasibu wa Kirumba

Msifanye hivyo hata kidogo. Mnunuzi tayari ana ushuru wa stempu, muuzaji ana kodi ya ongezeko la mtaji, na baadhi ya mitaa bado hudai asilimia kumi ya bei ndipo muhuri ugongwe. Hizo ndizo sababu watu huandikiana nyumbani na kuficha. Rwanda ilisajili vipande zaidi ya milioni kumi katika miaka michache kuanzia 2009, lakini mauzo ya mashamba madogo yaliendelea nje ya rejesta, na gharama ya kuhamisha ni miongoni mwa sababu.

Kutoa taarifa kuwe bure. Fedha zitafutwe kwenye kodi ya pango itakayokusanywa kwa majina sahihi, na ada itozwe kwa taasisi zinazoomba kupekua (kukagua kumbukumbu za kiwanja), kwa mfano benki zinazotaka kukopesha. Upekuzi huo nao uwe na mipaka, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu: anayepekua aone hali ya kiwanja na mazuio yaliyopo, ila namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na simu ya mwenye kiwanja visionekane. Na kila aliyefungua kumbukumbu, hata mtumishi, jina lake libaki humo pamoja na saa aliyoifungua.