Mtoto wa miezi 6 anaharisha tangu aanze uji, bibi yake anasema ni meno ya plastiki. Naombeni ushauri

Mama Kija wa Kirumba
Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu, ndiye wa kwanza, ametimiza miezi 6 Jumapili. Kabla ya hapo ni maziwa yangu tu, hata maji sikumpa, kama tulivyofundishwa kliniki. Jumatatu nikamwanzishia uji wa lishe. Unga nilinunua ukiwa umeshasagwa, una mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, vyote humo humo. Jumatano akaanza kuharisha. Leo tangu asubuhi ni mara sita, majimaji ya kijani, na mwili una joto kidogo. Ananyonya vizuri, akilia machozi yanatoka, mkojo anapata.

Mama mkwe amekuja kutoka Magu kumwona mjukuu. Kamfungua mdomo, kaona vivimbe viwili vyeupe kwenye fizi, kasema haya ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto anakufa. Kuna mzee huko kwao anayatoa, kesho alfajiri tupande Haisi. Baba Kija yuko Ukerewe kikazi, nikimpigia anasema "msikilize mama." Mimi sitaki, ila naogopa nikikataa halafu likatokea la kutokea, nitaonekana nani? Na uji niache au niendelee?

Baba Pacha
Alfajiri panda gari, sawa, ila la kwenda kituo cha afya. Magu hata usifike.

Nyanda wa Igoma
Nunua flajili ya maji duka la dawa. Wa kwangu alikata siku moja.

Sista wa Zamu
Nyanda, kuharisha kwa watoto wadogo mara nyingi kunaletwa na virusi, na flajili haiui virusi. Huyo wa kwako pengine alikuwa anapona mwenyewe. Tuache kuandikiana dawa humu.

Mama Kija, usiku huu huu tafuta ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Pakiti moja ya lita 1 unachanganya na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kama huna kipimo, chupa mbili za maji za nusu lita. Usikadirie kwa jicho. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100 kwa kikombe na kijiko, taratibu. Akitapika subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki, kwa kuwa ametimiza miezi 6, ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakaa sawa.

Kunyonya zidisha, na chakula usimkatie. Mtoto anayeharisha akiachishwa kula ndipo anapokonda.

Asubuhi aonwe, kwa sababu hilo joto lazima apimwe malaria, huku kwetu ziwani halipuuzwi. Lakini usisubiri asubuhi ukiona amelegea, hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege, choo kina damu, macho au utosi umedidimia, au ukifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi.

Shangazi wa Buswelu
Meno ya plastiki hayapo. Hivyo vivimbe ni meno yake halisi yanajiandaa kutoka. Mtoto wa dada yangu alichokolewa kwa spoku ya baiskeli, fizi ikaoza, tukalala naye wodini wiki mbili. Leo yuko darasa la nne, chonge zimeota vibaya na akicheka anaziba mdomo.

Ila mwanangu, usibishane na mama mkwe jikoni, hutashinda. Mwambie, "Mama, naomba unisindikize hospitali, mimi mgeni wa kulea." Abebe mtoto yeye. Akiambiwa na daktari si sawa na akiambiwa na wewe.

Baba Pacha
Mimi nauliza: huo uji unaupika saa ngapi?

Mama Kija wa Kirumba
Saa 12 asubuhi, naweka kwenye chupa ya chai, natoa kidogo kidogo hadi jioni. Nampa kwa chupa ya chuchu, nauchuja uwe mwepesi upite.

Sista wa Zamu
Inawezekana kabisa ni hapo. Uji ukikaa vuguvugu kutwa nzima, vijidudu vinazaana humo, na ile chuchu ni ngumu kuisafisha. Pika kidogo, apewe ndani ya saa mbili, kwa bakuli na kijiko. Tena mwepesi ni maji tu, haumshibishi. Uwe mzito usidondoke ovyo kwenye kijiko. Vijiko viwili vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, vinamtosha kwa kuanzia. Na huo unga wa saba kwa pamoja uache, kila kimoja kinaiva kwa muda wake, na karanga zikivunda hujui.

Mvuvi wa Igombe
Mpe kiazi lishe cha rangi ya chungwa, kiponde, tia unga wa dagaa. Chagua dagaa wa chanja, wa kuanikwa chini wana mchanga. Ila wiki hii ni mbalamwezi, hatuingii ziwani, bei imepanda.

Mama Kija wa Kirumba (Jumapili)
Narudi kuwashukuru. Tulikwenda, bibi akambeba mwenyewe. Malaria hana. Daktari kamwangalia fizi, kasema meno. Bibi kanyamaza njia nzima. Tulipofika nyumbani akashika kijiko cha ORS hadi usiku, mimi hata hakunipa. Jana kaharisha mara mbili, leo bado. Kala kiazi.

Lakini asubuhi namsikia anaongea na simu na wifi yangu: "Yamerudi ndani yenyewe, yameogopa sindano." Nimeacha hivyo hivyo.

Tatizo ni zinki, anaitema.

Shangazi wa Buswelu
Kamulia maziwa yako kwenye kijiko, kidonge kiyeyukie humo. Halafu mpe bibi ndiye amnyweshe.