Mbaazi, kunde au choroko: ipi inakaa vizuri kwa tumbo linalojaa gesi?

MamaChuno: Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa pili huu tumbo linanijaa gesi, gauni nililofunga asubuhi saa kumi jioni halifungi. Nimepimwa choo: minyoo hakuna, amiba hakuna. Nimeambiwa kuna vyakula tumbo langu halipatani navyo. Nyumbani ni mbaazi za nazi karibu kila siku. Nihamie kunde au choroko?

Kijana_Nachingwea: Acha zote dada, kula samaki. Kwisha habari.

MamaChuno: Changu kwa bei ya sasa? Utanitumia wewe?

BiMkubwaLindi: Mwanangu, kwangu choroko ndiyo salama. Kunde zinanisumbua, mbaazi kavu zilikuwa ndiyo kabisa, mpaka nilipojua kuzipika. Naziroweka tangu magharibi, asubuhi namwaga maji. Nachemsha, povu la kwanza likipanda namwaga tena. Maji yale usiyaonee huruma. Wali na ugali wa mtama havinidhuru, ila chapati mbili tu usiku silali.

Mlishe_Mikindani: Shikamoo bi mkubwa, umesema kweli. Mikunde ina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha, ndiyo hiyo gesi. Zinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukimwaga unapunguza. Ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu vina za jamii hiyo hiyo, lakini kwenye mafuta haziyeyuki: kaanga kitunguu vipande vikubwa, kitoe, harufu inabaki. Chuo Kikuu cha Monash cha Australia ndicho kilichojenga utaratibu wa kupunguza vyakula hivi wiki 2 hadi 6, kisha kurudisha kimoja kimoja. Ngano usiiache kabla ya kupimwa damu kwa ugonjwa wa siliaki (kinga ya mwili inaumiza utumbo ukila ngano), majibu yanaweza kudanganya.

Swali langu: kati ya mlo na mlo unakula nini?

MamaChuno: Marahaba kwa niaba ya bi mkubwa 😄 Sili kitu. Labda korosho. Tunabangua hapa nyumbani, zilizovunjika hazina bei, naokota natia mdomoni.

Mlishe_Mikindani: Kiasi gani?

MamaChuno: Sijawahi kuhesabu. Kama bakuli la uji.

Kijana_Nachingwea: 😂😂 Miezi miwili, na msimu wa korosho umeanza lini? Mbaazi zimesingiziwa!

Mlishe_Mikindani: Korosho zina sukari hizo kwa wingi, karanga hazifikii hapo. Acha korosho peke yake wiki 2, mbaazi endelea nazo kwa upishi wa bi mkubwa. Ukibadili viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikuponya. Na ukiona damu chooni, unakonda bila sababu au maumivu yanakuamsha usiku, achana na sisi, nenda hospitali ya Ligula.

BiMkubwaLindi: Na kitunguu pia apunguze. Watu wa siku hizi mnapika rojo la vitunguu, mbaazi zimo kwa bahati.

MamaChuno (siku 16 baadaye): Gauni linafunga. Juzi harusini nilikula chapati tatu, usiku nikazilipia. Mbaazi nusu bakuli, tumbo kimya. Korosho zilizovunjika sasa anazimaliza shemeji yangu, na jana kaniuliza choroko zinauzwa wapi.