Naomba ushauri: mteja kasema "nilitoroka", nikamtafsiri vibaya. Na neno "flight" nyie mnalitafsirije?

BintiTanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, bado mgeni kazini, nina miezi minane tu. Nimekulia Tanga, sasa niko Portland, jimbo la Maine, Marekani. Mji huu umepokea Wakongomani wengi wanaoomba hifadhi, hivyo siku nzima niko na watu wa Kivu: hospitali, shuleni, kwa mwanasheria. Wiki hii neno moja la Kiingereza limenisumbua mpaka usingizi sipati.

Neno lenyewe ni "flight". Kwa wenye lugha yao, ndege akiruka ni hilo, safari ya ndege ni hilo, mtu akikimbia vita ni hilo, na ngazi za kutoka ghorofa moja hadi nyingine ni hilo hilo.

Kisa cha kwanza. Mama mmoja mtu mzima yuko kwa daktari, anasubiri upasuaji. Daktari anauliza kama anaweza kupanda "flight" mbili bila kusimama kuvuta pumzi. Nikamwuliza, "Mama, unaweza kupanda ngazi mbili bila kupumzika?" Akashangaa, "Mbili tu? Naweza." Daktari akaandika. Nilikuwa kwenye basi narudi nyumbani ndipo nikashtuka: mama kaelewa vidato viwili.

Cha pili ndicho kinachoniuma zaidi. Yalikuwa mahojiano ya hifadhi, na nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili mwenyewe asijulikane. Afisa akamtaka mteja aeleze "flight" yake. Nikasema, "Eleza safari yako ya ndege." Mteja akajibu, "Sikupanda ndege. Nilitoroka usiku, kwa mtumbwi." Mimi na masikio yangu ya Tanga nikaipeleka "nilitoroka" kwa neno la Kiingereza la mtu aliyevunja kizuizi akaondoka. Afisa akainua kichwa: "Ulitoroka jela gani?" Mteja akabaki ananitazama mimi. Akasema hajafungwa hata siku moja maishani. Sasa kwenye kumbukumbu anaonekana kama mtu aliyejipinga mwenyewe, na aliyempinga ni mimi.

Naombeni mnisaidie. Yaliyokwisha kuandikwa nayasahihisha vipi? Na "kutoroka", nyie wa sehemu nyingine mnalisikiaje?

Mkalimani_Arusha

Pole sana mdogo wangu. Usilale leo kabla hujamwandikia mwanasheria wa huyo mteja. Andika maneno manne: alichosema afisa, ulichomwambia mteja, alichojibu mteja kwa Kiswahili chake, na ulichompelekea afisa. Basi. Usieleze maisha ya mteja, usimtetee, hiyo si kazi yako. Eleza kosa la tafsiri tu, na uandike kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

Siku nyingine ukishtuka mkiwa bado mmekaa, simamisha hapo hapo, na ujitaje kama mtu wa tatu: "Mkalimani anaomba kusahihisha." Ukisema "naomba kusahihisha", anayeandika atadhani ni mteja anayebadilisha maneno yake. Nimeona jambo hilo likimletea mtu shida ambayo hakuistahili.

Nesi_Mwanza

Mimi nakuja na la mama. Piga simu hospitali leo, tafadhali, kabla ya upasuaji. Swali lile haliulizwi kujaza fomu tu. Kabla ya kumpa mtu nusukaputi tunataka kujua moyo na mapafu yake vinahimili kazi kiasi gani, na kupanda ghorofa mbili bila kusimama ni kipimo cha haraka. Akishindwa, wanaweza kumpima zaidi kwanza. Wewe umempa daktari jibu la mtu mwenye moyo imara.

Sema "ghorofa mbili", usiseme "ngazi mbili". Ngazi kwetu ni kidato kimoja, ni ile ya kuegemeza ukutani, na ni cheo pia. Na kama mama ameishi nyumba ya chini maisha yake yote, hata ghorofa hazimwambii kitu. Mwombe daktari ruhusa umwulize kwa mfano anaoujua: kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani, anafika juu bila kupumzika?

Halafu utakutana na neno hilo kwa washauri wa afya ya akili. Watakueleza kwamba mwili ukiona hatari unajiandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, damu inajaa adrenalini. Tafsiri hivyo hivyo, "kupigana au kukimbia". Usithubutu kuingiza "kuruka" hapo. Mgonjwa aliyetoka vitani akisikia mambo ya kuruka kwenye chumba kile, la kwanza kumjia ni "amerukwa na akili", na hatarudi tena.

Msomaji_Nairobi

Dada, huku Kenya hakuna shida kabisa. Redio na magazeti husema "waliotoroka mapigano", "waliotoroka makwao", kila siku, na hakuna anayefikiria jela. Mfungwa pia hutoroka, lakini mtu huelewa kutokana na yale yanayofuata. Nakuambia ili ujue kwamba mteja wako hakukosea Kiswahili.

BintiTanga

Asante sana kaka. Hilo sikulijua kwa uzito huo. Kwetu ukisema fulani katoroka, swali la kwanza ni "kafanya nini?" Mtoto anatoroka shule, mtu anatoroka na hela za mchango, madini yanatoroshwa nje ya nchi. Yote yana doa.

MzeeWaKilindini

Marahaba binti yangu. Neno hilo linakukwaruza kwa sababu wewe ni mtu wa Pwani, na Pwani lina historia yake. Mtoro kwa babu zetu hakuwa mwanafunzi anayekwepa vipindi. Alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake. Na neno ni la bwana, aliyeamka asubuhi akakuta mtu wake hayupo.

Karne ya 19 watoro walijijengea makazi yao barani, Fuladoyo, nyuma ya Malindi, wakalima na kuishi kama watu huru. Wengine walikwenda Witu kwa Sultani Ahmed, yule waliyemwita Simba. Wengine waliingia misheni ya Rabai na nyingine za karibu, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa fidia. Fikiria hapo: aliyelipwa ni bwana.

Kwa hiyo doa unalolisikia lipo, hukulibuni. Lakini lilipakwa na waliobaki nyuma, si na waliokwenda. Mteja wako katumia neno hilo bila doa, nawe ukampaka. Msahihishie upesi.

MtuWaUvira

Jambo dada. Mimi niko mtu wa Uvira, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, myaka kumi na mbili mbele ya kuja huku Kanada.

Sisi kutoroka ni kuondoka bila kuaga, kwa sababu ukiaga unakufa. Gereza haimo. Usiku ule hatukuaga hata jirani tuliyekula naye jioni. Tulikimbiaka na nguo za kulala, mtoto mgongoni, mpaka ziwani. Mtu wa mtumbwi alituambia tusikohoe. Mpaka leo watoto wangu wakiuliza tulitoka namna gani, nawaambia "vita ilitukimbiza". Siwaambii "tulikimbia vita", maana hatukuichagua ile mbio.

Ukiwa na mashaka, uliza swali moja fupi: "Ulitoroka nini?" Mtu akijibu "vita" ao "waasi", umesha kuelewa. Akijibu "gereza", ni gereza kweli.

Na tafadhali, usiache kazi. Nimekwisha kukaa mbele ya mkalimani ambaye hakujali kama amenisikia.

Mkalimani_Arusha

Swali la ndugu yetu wa Uvira ni zuri mno, ila lipitie kwa afisa kwanza: "Mkalimani anaomba ruhusa kumwuliza mteja maana ya neno alilotumia." Mkiongea wawili tu kwa Kiswahili huku yeye hasikii, ataanza kuwashuku wote.

Mwalimu_Dodoma

Niongeze kidogo. Kitenzi "kukimbia" kinabeba mbio na woga pamoja, lakini nomino zimegawana: anayeshindana ni mkimbiaji, aliyefukuzwa na hatari ni mkimbizi. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ilishiriki timu ya wakimbizi ya watu 10, na 5 kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma. Wanafunzi wangu walizielewa nomino hizo mbili siku hiyo kuliko kwa kitabu chochote.

Kwa swali la afisa ningesema, "Eleza ulivyokimbia nyumbani." Kisha angalia herufi mbili tu: ulikimbia nini, ulikimbilia wapi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 umejengwa juu ya hofu ya kuteswa, kwa hiyo "ulikimbia nini" ndiyo roho ya kesi yenyewe. Ukilichanganya na "ulikimbilia wapi", mtu atajibu "Tanzania" wakati anaulizwa kuhusu waasi.

Kijana_Kipawa

Mimi niko uwanja wa ndege. Upande huo hauna taabu, "ndege yangu ni saa nne usiku" kila mtu anaelewa. Angalizo moja: mwenye safari ya kuunganisha usimwambie "una ndege mbili". Mwambie "utashuka Addis Ababa, utapanda ndege nyingine". Na saa mwandikie kwenye karatasi kama ilivyo kwenye tiketi.

BintiTanga

Ndugu zangu, narudi na mrejesho.

Barua kwa mwanasheria nimeiandika usiku ule ule, maneno manne kama nilivyofundishwa. Amesema ataiambatisha na kuomba kumbukumbu isahihishwe. Mteja nilimwomba radhi mwanasheria akiwepo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua kuna neno limepotea njiani, sikujua ni lipi." Bado tunasubiri jibu la afisa.

Mzee wa Kilindini, nimesoma maneno yako mara tatu. Babu yangu mzaa mama alikuwa anachukia sana neno "mtoro", hata kwetu watoto tukikwepa madrasa hakulitumia, na hatukuwahi kumwuliza kwa nini.

Hospitali nilipiga simu, daktari akaomba nirudi tumwulize mama upya. Leo asubuhi nimemwuliza: "Mama, ukipanda ghorofa mbili kwa miguu, unafika bila kupumzika?" Akanishika mkono. "Mwanangu, ghorofa? Ninapokaa ni ghorofa ya kwanza, na kila siku nakaa chini katikati." Daktari amefuta alichoandika, upasuaji umesogezwa, na wiki ijayo anapimwa moyo.