Tupeane uzoefu: unahamia Tanga kikazi, upange upande gani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Msimu wa ajira ukifika swali ni lile lile: "Nimepata kazi Tanga, nyumba nzuri ziko wapi?" Mtu anauliza hivyo bila kutaja kazi yenyewe iko wapi, na hapo ndipo anapopotea. Jiji hili si kubwa, lakini kazi zimetawanyika pande ambazo hazikutani. Bandari, benki na ofisi nyingi ziko mjini kati. Hospitali ya rufaa ya Bombo iko upande wa kuelekea Raskazone. Viwanda vya saruji viko Maweni na Pongwe, kwenye barabara ya Segera. Mradi wa bomba la mafuta kutoka Hoima unaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba. Ukikosea upande, utaulipia mafuta au nauli kila siku.

Karibuni wenye ujuzi, kila mmoja na eneo lake. Bei za pango tusiziandike, zinabadilika. Andikeni vitu ambavyo mtu anaweza kwenda kuvikagua kwa macho yake.

MwenyejiNgamiani

Naanza na ramani, kwa anayetaka kuishi bila kutegemea gari.

Ngamiani imepangwa kwa barabara za namba, na hiyo peke yake ni raha kwa mgeni: ukiambiwa "barabara ya nane" humsumbui mtu kuuliza. Soko la Mgandini liko hapo hapo, maduka hayaishi, na mjini kati unafika kwa miguu au baiskeli. Ardhi ni tambarare, ndiyo maana baiskeli Tanga ni usafiri wa watu wazima wenye heshima zao. Nyumba nyingi ni za zamani, za vyumba pande mbili na korido katikati, uani kuna choo na bafu vya wote. Anayetaka faragha aulize mapema kama choo kimo ndani, maana neno "kujitegemea" kwenye tangazo madalali hulitumia kwa ukarimu mno.

Chumbageni ni chaguo la kati: karibu na mjini, imetulia kuliko Ngamiani, nyumba zina nafasi. Kwa mtumishi mwenye familia anayefanya kazi mjini au Bombo, mimi ningemwambia aanzie hapo. Raskazone ni viwanja vikubwa, miti na upepo, ila sokoni ni safari. Sahare ina nyumba mpya nyingi; mtaa mmoja una barabara nzuri, wa pili ni mchanga na madimbwi, kwa hiyo usiikubali wala kuikataa Sahare yote kwa mtaa mmoja. Makorora na Mabawa kuna vyumba vingi kwa anayeanza maisha.

Kange watu wengi huifahamu kwa stendi ya mabasi ya mikoani. Kwa anayefanya kazi Maweni au Pongwe ni pazuri, kwa sababu asubuhi unaelekea kule wakati wengine wanakuja mjini. Pongwe kwenyewe pia panafaa kama hujali kuwa mbali na mji.

KijiweChaBajaji

Nyongeza ya usafiri. Msipime umbali kwa ramani, pimeni kwa saa na kwa mfuko. Tuseme bajaji ni 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku 26 za kazi: hiyo ni 156,000 kwa mwezi. Nyumba ya mbali iliyo nafuu kwa 80,000 tayari imekuwa ghali kuliko ya karibu.

Mwenye shifti aulize hasa daladala ya mwisho. Mchana kila njia ina gari, lakini ukitoka kazini saa nne usiku hesabu inabaki ya boda au bajaji tu, na bei ya usiku si ya mchana. Kaulize pale kituoni, kwa makondakta na madereva. Mwenye nyumba atakwambia gari zipo muda wote.

Na wa Chongoleani wasidanganyike na macho. Ukisimama upande wa Raskazone unaona ng'ambo ya ghuba kama unaweza kuogelea ukafika. Barabara inazunguka ghuba yote: unatoka mjini, unapita Amboni kwa njia ya Horohoro, ndipo unakunja kurudi baharini. Kama mwajiri ana gari la wafanyakazi, uliza linapita vituo gani, kisha tafuta nyumba iliyo mwendo wa miguu kutoka kituo kimojawapo.

FundiBomba

Maji. Hapa nitakaa kidogo, niwieni radhi.

Kwanza, bomba la uani likitoa maji usiseme nyumba ina maji. Chukua ndoo ya lita 20, fungua bomba la ndani kabisa, lile la bafuni, na tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili, mgandamizo unatosha. Ikizidi dakika tano, jua kwamba jioni watu wote wakifungua mabomba utaoga kwa kopo. Fanya jaribio hilo saa kumi na mbili asubuhi au jioni. Dalali hupenda kuonyesha nyumba saa tano, wakati majirani wako kazini.

Pili, simtanki. Mtu mmoja mjini hutumia kama lita 60 kwa siku akijibana kiasi. Familia ya watu wanne ni 240, hivyo tanki la lita 1,000 ni siku nne. Lakini angalia limewekwa wapi. Tanki lililo mita tatu juu ya bomba la mvua linasukuma kidogo sana, na hita ya papo hapo inaweza kukataa kuwaka kwa sababu maji hayana nguvu. Tanki lililowekwa chini bila pampu ni pipa kubwa tu, utachota.

Tatu, mita. Funga mabomba yote, hata la choo, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye mita ya maji. Kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja chini ya sakafu na bili utailipa wewe. Omba bili ya mwisho ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, uone kama kuna deni. Huduma ikikatwa inakatwa kwenye mita, na mita haijali deni ni la mpangaji yupi. Kama mita ni ya wapangaji wote, mgawanyo uandikwe: kwa vichwa au kwa vyumba? Mtu mmoja chumba kimoja na familia ya sita chumba kimoja wakigawana sawa, ugomvi hauchukui mwezi.

Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi. Chukua kipande cha sabuni, nawa mikono: povu likikataa, maji hayo ni ya kudekia na chooni.

Majitaka nayo. Mabomba ya majitaka yako sehemu chache za mjini, kwingine kote ni shimo. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, kisha pima kwa macho kama gari la kunyonya linaweza kufika au kichochoro kinaishia mita 50 kabla. Sehemu zenye mwamba wa chokaa chini, wachimbaji huchoka mapema, shimo linakuwa fupi, na fupi hujaa haraka. Kisima na shimo la choo vikiwa karibu chini ya mita 30, usinywe maji yale hata kama majirani wamezoea.

Uniti28

Umeme. Kabla ya kulipa pango, omba namba ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na ununue umeme wa 5,000 kwa simu yako. Ile risiti itakwambia kuliko mwenye nyumba.

Tazama mita imeandikishwa kwa jina la nani: ni la anayekupangisha? Tazama kama kuna deni linalokatwa. Tazama uniti ulizopata. Kwa tarifu ya kawaida ya majumbani, ukijumlisha kodi na tozo uniti moja ni kama 356, kwa hiyo 10,000 hutoa takriban uniti 28. Mita iliyo kwenye tarifu ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni kama 122, tofauti kubwa sana. Lakini mita hiyo ikitumiwa na kaya tatu, 75 zitapitwa mapema na nafuu haipo tena.

Kuna na kodi ya majengo inayokatwa humo humo: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi isiyonunuliwa umeme hujilimbikiza. Nyumba iliyokaa tupu miezi sita itakula 9,000 ya kwanza kabla hujapata uniti. Kodi ile ni ya mwenye nyumba. Kubalianeni irudishwe kwenye pango, na muiandike.

Feni ya wati 75 usiku kucha, saa nane, ni uniti 0.6, karibu 200 tu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa hizo hizo ni uniti 6 hadi 8, yaani kama 2,500 kwa usiku, 75,000 kwa mwezi. Joto la Tanga kuanzia Desemba hadi Machi haliombi ruhusa, kwa hiyo nyumba inayopitisha upepo ina thamani inayohesabika.

UpepoWaKusi

Kwenye hilo la upepo namuunga mkono Uniti28. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye madirisha kuta mbili zinazopokeana, moja ikiwa upande wa mashariki, kinapata hewa misimu yote miwili. Dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani ni tanuri.

Ila sikubaliani na wanaoisifia Raskazone bila kutaja chumvi. Hewa ile ile tamu hula chuma. Kagua nondo za madirisha kwa chini, bawaba za geti, misumari ya bati. Zege lenye mpasuko mrefu ulionyooka, na rangi ya kutu pembeni, maana yake nondo ya ndani imevimba. Ukuta unaobanduka rangi na kutoa unga mweupe chini umefyonza unyevu; kabati la mbao na godoro usiviegemeze hapo. Na waliopanga upande wa viwanda vya saruji na chokaa, pitisheni kidole juu ya majani ya miti: vumbi la kijivu likibaki kidoleni, upepo unaleta kwako.

KaraniWaMikataba

Nyote mmesema ya nyumba, mimi naleta ya mwenye nyumba, na kwa Tanga hili ni kubwa kuliko bomba.

Nyumba nyingi za zamani, hasa Ngamiani, ni za urithi. Mzee amefariki, watoto ni saba, mmoja yuko Tanga, wengine Dar, Mombasa na Unguja. Aliyepo anapokea pango la mwaka mzima, kisha mwingine anatokea akisema hakushirikishwa. Kwa nyumba ya aina hiyo saini na msimamizi wa mirathi, na omba kuona barua yake ya mahakama. Akisema "sisi ni ndugu, hatuna shida", mwambie basi ndugu wengine nao waweke saini.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kulipa. Taja nyumba, uliza inajulikana ni ya nani na kama ina mgogoro. Safari hiyo utaifanya tu, kwa sababu mpangaji mgeni anatakiwa kujitambulisha, na barua ya utambulisho utaihitaji siku nyingine. Nenda na kitambulisho cha NIDA.

Pango hudaiwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Omba mitatu mitatu. Nyumba ikiwa imekaa tupu utakubaliwa. Lipa kwenye akaunti au namba ya simu yenye jina lile lile la kwenye mkataba. Mkataba useme tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ni ya muda gani, nani anatengeneza nini, na kwamba matengenezo uliyofanya kwa idhini yatakatwa kwenye pango. Piga picha kila ukuta siku ya kupokea funguo. Mwajiri wako akikulipia nyumba kwa jina la kampuni, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo kampuni inaikata na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba ajue mapema, asije akaona pungufu akakugombeza wewe.

Dalali kwa kawaida huchukua pango la mwezi mmoja. Hiyo ilipwe ukishapata funguo mkononi. Anayetaka pesa kubwa ya "kuishikilia nyumba" wakati uko bado Dodoma, mwache aishikilie.

MgeniMtarajiwa

Asanteni sana. Naanza bandarini mwezi wa nne, kazi ya shifti, nina mke na watoto wawili wa shule ya msingi. Gari sina. Nianzie wapi?

MwenyejiNgamiani

Chumbageni kwanza, Ngamiani ya upande wa mjini pili. Njoo peke yako, panga chumba cha mwezi mmoja, familia ifuate. Mwezi wa nne ni masika, na kwa mkaguzi wa nyumba huo ndio msimu wake: paa linalovuja litaonekana, mtaa unaojaa maji utauona, na mstari wa tope ukutani hauwezi kupakwa rangi ukiwa bado mbichi. Shule muulize mwalimu mkuu kuhusu nafasi kabla ya kufunga mkataba wa nyumba.

KijiweChaBajaji

Na mizigo ilete kwa kirikuu mbili badala ya fuso moja. Vichochoro vingine fuso haiingii, utalipa vijana wa kubeba kutoka barabara kubwa, na mvua hiyo.

Uniti28

Ukipata nyumba, ile risiti ya 5,000 iweke hapa, ila ufiche jina na namba ya mita. Tutakusomea kabla hujalipa.