Mjadala: Video za mafunzo zinamjenga anayeanza kutengeneza gemu, au zinamlemaza?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila akijitokeza mtu kuuliza aanzie wapi kujifunza kuprogramu gemu, majibu ni yale yale mawili. Kuna wanaomwambia afungue YouTube, achague mfululizo wa video za Unity au Godot (injini, yaani programu za kutengenezea gemu) na afuate hatua kwa hatua. Wengine wanamwonya: utamaliza mfululizo wote, gemu itachezeka, halafu siku ukifungua mradi mtupu hutajua hata mstari wa kwanza uandike nini. Tulijadili hili, ila bila matusi.

Msimamo wangu ni huu: video nyingi zinalemaza kwa sababu zimeondolewa makosa. Mwalimu huenda kahangaika nusu saa akitafuta kwa nini mhusika anapenya sakafu, lakini wewe unaoneshwa mhusika akisimama vizuri mara ya kwanza. Ile nusu saa iliyokatwa ndiyo kazi yenyewe ya kuprogramu. Anayeanza hajawahi kuiona, kwa hiyo akikwama anajiona mzito wa kichwa.

Chukueni mfano wa Godot. Toleo la 4 lilitoka Machi 2023, na video za toleo la 3 bado zimejaa mtandaoni. Mtu kaweka toleo la 4 huku anafuata video ya 2021. Anaambiwa aongeze nodi (kipande cha kujengea gemu) ya KinematicBody2D, anaitafuta haioni, kwa kuwa siku hizi inaitwa CharacterBody2D. Akivuka hapo anaandika move_and_slide(velocity), amri ya kumsogeza mhusika, kama alivyooneshwa, injini inamkatalia kwamba ameweka vitu kwenye mabano yasiyopokea kitu. Katika toleo la 4 mabano yale huachwa matupu. Kasi inasomwa kwenye kigeu (jina linalotunza thamani) velocity cha mhusika mwenyewe. Aliyeelewa anasoma ujumbe wa kosa, anarekebisha, anaendelea. Aliyenakili tu anafuta mradi na kwenda kutafuta video nyingine.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unawaonea walimu wa video. Nyaraka rasmi zimeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua anatafuta nini, tena nyingi ziko kwa Kiingereza kigumu. Fungua Unity kwa mara ya kwanza uone: paneli kila upande, menyu ndani ya menyu. Video inakuonesha kipanya kinaenda wapi. Hilo halielezeki vizuri kwa maandishi.

Halafu kuna suala la hamu. Saa moja tu na mtu keshaona kitu chake kinaruka kwenye skrini. Ukimwanzishia vekta na trigonometria atakukimbia. Na kunakili kuna ubaya gani? Anayejifunza gitaa huanza na nyimbo za wengine, hakuna anayemwambia atunge zake siku ya kwanza.

Mchangiaji wa pili

Mimi naona mnabishana pembeni. Shida ni ukubwa wa gemu. Watu wanataka kuanza na dunia nzima ya kuzurura na wachezaji wengi mtandaoni. Pong, gemu ya kampuni ya Atari ya 1972, ina vibao viwili, mpira na alama, basi. Lakini ndani yake kuna kusoma kibodi, mwendo, mgongano, kuhesabu alama na kuamua mshindi. Tengeneza hiyo, ukitumia video au usitumie, tutaongea baadaye.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, Pong nakubali kabisa. Wa kwanza, sikatai kunakili, nakataa kunakili bila maelezo. Tazama suala la delta. Mwalimu anasema "hapa tunazidisha kwa delta" na anapita. Delta ni muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, yaani picha ya mwisho iliyochorwa kwenye skrini. Ukiandika mwenyewe mistari ya kusogeza kitu bila kuizingatia, kwenye kompyuta inayotoa fremu 144 kwa sekunde kitakimbia mara 2.4 zaidi ya kwenye ile ya fremu 60. Sawa. Sasa mwanafunzi kakariri kwamba kila kasi huzidishwa kwa delta, anaifanyia hivyo hata velocity kabla ya move_and_slide, ambayo yenyewe tayari inahesabu muda. Kwa fremu 60 delta ni 1/60 ya sekunde, hivyo kasi ya pikseli 300 kwa sekunde inageuka 5, mhusika ni kama hasogei. Unajua anachofanya? Anapandisha namba mpaka 18,000. Gemu inakwenda, anafurahi, na hajui kwamba hajaelewa.

Mchangiaji wa kwanza

Hiyo ya 18,000 nimecheka, maana nimeiona kwenye miradi ya watu. Lakini niambie, nani atatazama video ambayo nusu saa mwalimu anakuna kichwa? Watengeneza video hawakati makosa kwa hila, wanakata kwa sababu watazamaji wanakimbia.

Mleta mada

Wapo wanaorusha kazi zao moja kwa moja, wanakosea mbele ya watu. Wachache, ndiyo. Njia nyingine ni mashindano kama Ludum Dare, yaliyoanza 2002. Katika kundi lao la Compo unatengeneza gemu peke yako ndani ya saa 48, na ni lazima uweke msimbo (maandishi ya programu yako) wazi. Mtu achukue mradi mdogo wa pale, abadilishe nguvu ya mvutano, afute mstari mmoja, aone kinachoharibika na ajiulize kwa nini.

Mchangiaji wa kwanza

Wazo zuri, mkuu. Ila huyo anayeanza, mradi wa mtu mwingine ataufunguaje kama hajaoneshwa folda ipi inabeba nini na tukio (scene) la kwanza la gemu linaanzia wapi? Hapo si utamtumia video?