Asasi inataka kugawa sare shuleni kwetu ila watoto wanashinda njaa, tuwaambieje?

mjumbe_kamati
Wakuu habari za jioni. Niko kamati ya shule ya msingi huku kijijini Dodoma. Kuna asasi imekuja kwa mwalimu mkuu inataka kusaidia watoto 40 wa kaya maskini, sare, viatu na madaftari. Sasa watoto haohao ikifika saa nne wanasinzia hawajala tangu jana, tulikubaliana kila mzazi alete debe la mahindi, wasio nalo hawakuleta na watoto wao wanasimama pembeni wenzao wakila makande, yaani inauma. Tukiomba wabadilishe msaada si tutaonekana tunachagua?

bibi_shamba
Semeni mapema kabla hawajanunua vitambaa. Nendeni na orodha mkononi, kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinajulikana ila msiishie hapo, kuna watoto wanalelewa na bibi zao hawamo kabisa, mwenyekiti wa kitongoji anawajua mmojammoja. Na picha mkatae!! Kwetu waliwapanga mstari mbele ya shule nzima, mtoto mmoja viatu hakuvivaa tena.

wa_eastlands
Hapa Nairobi kuna Dishi na County tangu 2023, mpango wa chakula shuleni wa kaunti na shirika la Food4Education, mzazi analipa shilingi tano tu kwa sahani na mtoto anagusisha kibangili cha malipo kwa mashine. Kwa laini wote wako na kibangili kilekile, huwezi jua ni nani mzazi wake amekwama.

ticha_mstaafu
Kibangili huko kijijini tuache kwanza 😂 ila wazo lake zuri, mtoto asijulikane. Elimu bila ada ilianza 2016 lakini sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi, kwa hiyo asasi haijakosea, imeanzia pembeni tu. Waombeni wafidie madebe ya hizo kaya msimu huu, mwakani shamba la shule lianze kuchangia. Halafu funguo za stoo anashika nani? Hapo ndo miradi mingi inakufa.

mjumbe_kamati
Mwalimu mkuu peke yake...

ticha_mstaafu
Wekeni kufuli mbili, moja ya mwalimu wa zamu nyingine ya mama mmoja wa kamati, na kila siku waandike kilo zilizotoka.

mjumbe_kamati
Sawa mwalimu, kikao Jumatatu naenda na orodha. Sare wakileta tutapokea, ila sufuria kwanza.